Ndege ya Faiba: Ugomvi Wake ni na Mizani

Fundi wa Kiboriloni, Moshi, aliyezoea kunyoosha bodi za magari na kuziba bampa kwa faiba anaijua nusu ya kazi ya kuunda ndege. Nusu iliyobaki ni kujizuia. Resini ikizidi kwenye bampa hakuna mteja atakayelalamika, lakini kwenye bawa kila gramu ya ziada itabidi ibebwe na injini.

Njia inayofuatwa na wengi wanaojiundia ndege nyumbani ilipata umaarufu kwa Mmarekani Burt Rutan. VariEze yake iliruka mara ya kwanza mwaka 1975, kisha Long-EZ ikafuata mwaka 1979. Ndege ya faiba kwa kawaida ilihitaji kalibu kubwa, gharama ya kiwanda. Rutan akaachana na kalibu. Unachukua bloku la foamu, unabana ubao mwembamba wenye umbo la bawa kila upande, kisha watu wawili wanapitisha waya uliopashwa moto kwa umeme. Kingo za ubao zimeandikwa namba, nao huitana namba hizo ili wasipishane; mmoja akichelewa, bawa limepinda. Foamu hiyo haitolewi tena. Juu yake hulazwa vitambaa vya nyuzi za kioo, nyuzi zikielekea mzigo unakopita, vikilowanishwa epoksi.

Hapa fundi wa boti aliyetoka pwani aangalie. Resini ya poliesta, ile ya boti na matangi, huyeyusha foamu ya polistairini inayotumika kwenye mabawa. Petroli nayo huila, ndiyo maana tangi la mafuta hujengwa kwa foamu ya aina nyingine. Na ile nyeupe ya punjepunje inayokuja na friji mpya muiache ilipo.

Sasa mizani. Miaka ya 2010 Mkenya Gabriel Nderitu alivuma kwa ndege aliyojiundia, yenye injini ya Toyota. Taarifa za wakati ule ziliipa uzito wa takriban kilo 800. Long-EZ tupu ina takriban kilo 320, na ikibeba watu wawili, mizigo na mafuta hukaribia 600, ikisukumwa na nguvu farasi 115 hivi. Ari ya Nderitu naivulia kofia, ila hesabu hiyo ni ya kufanywa kabla ya kununua hata skrubu moja.

Kwa Moshi hesabu inabana zaidi. Uwanja wa ndege wa Moshi uko kama meta 850 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 32 hewa huwa nyepesi kana kwamba uko karibu meta 1,700. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 15 ya nguvu zake, na bawa nalo hudai mwendo mkubwa zaidi kabla ya kuinuka.

Basi kitambaa kipimwe, na epoksi ipimwe. Uzito wa resini usiuzidi wa kitambaa. Inayobaki juu ikimetameta isukumwe nje kwa kipande cha plastiki. Asubuhi za masika, baridi na unyevu huacha utando wa kunata juu ya epoksi: uoshwe kwa maji, upigwe msasa, ndipo tabaka lifuatalo lilazwe. Ikishakauka, gonga kwa sarafu. Mlio mkali ni salama. Mlio mzito, uliofifia, maana yake chini kuna hewa, kitambaa hakikushika.

Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, iendewe mapema, kabla foamu haijakatwa, kwa sababu bawa likishafunikwa hakuna mkaguzi atakayeona ndani. Kila hatua ipigwe picha.

Rangi ni nyeupe, hata kama roho inataka nyekundu. Epoksi iliyoganda kwa joto la kawaida la karakana huanza kulegea maji yakiwa bado hayajachemka, na bawa jeusi lililoachwa juani Moshi mwezi Februari linaweza kulikaribia joto hilo likiwa limeegeshwa tu.