KELELE ZA PIKIPIKI NA HIFADHI YA MASIKIO: JINSI YA KUCHAGUA NA KUTUMIA VIZIBO

Na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika

Makatibu wengi wa vyama vyetu vya msingi, makarani wa maghala na sisi wakaguzi hutumia pikipiki karibu kila siku ya kazi. Kabla ya safari tunakagua breki, matairi, taa na mafuta, na tunavaa kofia ngumu. Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo wengi wetu hatulikagui kabisa, nalo ni kelele inayoingia masikioni tangu tunapoondoka hadi tunapofika. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kelele hiyo inavyodhuru, jinsi ya kuchagua vizibo vya masikio vinavyofaa, na jinsi ya kuvitumia bila kuhatarisha usalama barabarani.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikuwa nakagua vitabu vya chama kimoja cha wakulima wa korosho. Katibu alikuwa akinisomea stakabadhi za mapokezi moja baada ya nyingine, nami nikiandika. Tulipojumlisha, ghala lilionekana kuwa na magunia 30 zaidi ya yale niliyoyaandika. Mpima mizani aliitwa, akahojiwa mbele ya wajumbe wa bodi kwa muda wa saa mbili, akijitetea kwamba hajui lolote. Mwishowe nilizichukua stakabadhi zenyewe nikazisoma kwa macho yangu. Katibu alikuwa amesoma "tisini", nami nikasikia "sitini". Vitabu vilikuwa sahihi, mizani ilikuwa sahihi, na mpima mizani alikuwa mwaminifu. Sikio la mkaguzi ndilo lililokuwa na upungufu.

Nilimwomba radhi mbele ya wale wale waliomhoji. Kisha nilikwenda hospitali kupimwa. Mtaalamu alinionyesha kuwa nasikia vizuri sauti nene, lakini sauti nyembamba nimekwisha kuzipoteza kwa sehemu, na kwamba upungufu wa namna hiyo ni wa kawaida kwa watu waliokaa katika kelele kwa miaka mingi. Nilikuwa nimeendesha pikipiki miaka 14 bila kinga yoyote ya masikio.

SIKIO LINAVYOHARIBIKA

Sauti huingia katika tundu la sikio na kutikisa kiwambo. Kiwambo husukuma mifupa mitatu midogo, nayo hupeleka mtikisiko huo ndani ya kiungo chenye umbo la konokono kilichojaa majimaji. Humo mna seli zipatazo 15,000 katika kila sikio, zenye vinyweleo vyembamba mno. Vinyweleo hivyo vinapoinama kwa mtikisiko, seli hupeleka habari kwenye ubongo, nasi tunasikia.

Kelele kubwa huzichosha seli hizo. Zikipata mapumziko ya kutosha, hurudia hali yake. Ndiyo maana mtu aliyesafiri mwendo mrefu husikia kama masikio yamezibwa, au husikia mlio mwembamba ndani ya sikio, kisha kesho yake hali hiyo huwa imeondoka. Lakini uchovu ukirudiwa siku hadi siku, seli hufa, na seli za binadamu zilizokufa hazioti tena. Hakuna dawa wala upasuaji wa kuzirudisha. Kifaa cha kusaidia kusikia huongeza nguvu ya sauti tu; hakirudishi sikio la awali.

Yafaa ieleweke pia kwamba hasara huanzia kwenye sauti nyembamba, hasa zile zenye mitetemo ipatayo 4,000 kwa sekunde. Katika mazungumzo, irabu hubebwa zaidi na sauti nene, lakini konsonanti kama s, f na t hutegemea sana sauti nyembamba. Kwa hiyo mtu aliyeanza kudhurika husikia kwamba anasemeshwa, ila hapambanui vema maneno. Maneno "sita" na "tisa", na vilevile "sitini" na "tisini", yana herufi zile zile. Tofauti yake ni mahali pa s na t tu. Kwa mtu wa hesabu za chama, konsonanti hizo mbili ni tofauti ya magunia 30.

KELELE HUTOKA WAPI

Wengi hudhani kwamba adui ni injini. Ni kweli kwamba bomba la moshi lililotoboka, au lililotolewa kizuia sauti ili pikipiki ivume, huongeza kelele nyingi, na la kwanza ni kulitengeneza. Hata hivyo, pikipiki iliyo nzima ikivuka mwendo wa kilomita 60 hivi kwa saa, kelele iliyo kubwa zaidi huwa ni ya upepo unaozunguka kofia na kuingia chini ya kidevu. Kofia ngumu imetengenezwa kulinda fuvu la kichwa. Kelele ya upepo haiizuii kwa kiasi cha kutosha, hata ikiwa ni ya bei kubwa.

Kelele hupimwa kwa kipimo kiitwacho desibeli. Vipimo vilivyofanywa Uingereza katika miaka ya 1990 vilionyesha kuwa ndani ya kofia, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kelele hufikia takriban desibeli 90, na kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa hufikia 110. Sisi hatuendeshi kwa mwendo huo wa pili, wala barabara zetu haziruhusu. Lakini mwendo wa 60 hadi 80 ni wa kawaida kwetu kila tunapofika kwenye lami.

HESABU YA KELELE

Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani inapendekeza kwamba mtu asikae katika kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huwa maradufu, na muda huo hupungua kwa nusu, kama ifuatavyo:

Desibeli 85: saa 8
Desibeli 88: saa 4
Desibeli 91: saa 2
Desibeli 94: saa 1
Desibeli 97: dakika 30
Desibeli 100: dakika 15

Tuchukue mfano wa katibu anayetoka Masasi kwenda Mtwara mjini, safari ya kilomita 200 hivi kwa barabara ya lami. Akienda kwa wastani wa kilomita 80 kwa saa, atatumia saa mbili na nusu. Tukikadiria kwamba kelele ndani ya kofia yake ni desibeli 94, ruhusa yake ya siku ilikuwa saa moja tu. Amezidisha matumizi mara mbili na nusu kabla hajaingia mkutanoni, na bado ana safari ya kurudi. Mtunza hazina angefanya hivyo kwa fedha za chama tungemwita mbele ya mkutano mkuu. Lakini kwa masikio yetu tunafanya hivyo kila juma bila kuulizwa.

AINA ZA VIZIBO

Vizibo vinavyopatikana ni vya namna tatu.

Kwanza, vizibo vya sponji laini. Hivi hufinyangwa kwa vidole, huingizwa sikioni vikiwa vyembamba, kisha hutanuka na kujaza tundu. Vikivaliwa vizuri huzuia kelele kuliko aina nyingine nyingi, na bei ya jozi moja ni ndogo. Kasoro yake ni kwamba huchafuka upesi, na vinahitaji mikono safi, jambo ambalo ni gumu katika njia ya vumbi. Vinafaa zaidi kwa safari ndefu isiyo na vituo vingi.

Pili, vizibo vya mpira laini vyenye duara mbili au tatu kama miavuli. Hivi havifinyangwi, huingizwa moja kwa moja, na huoshwa kwa maji na sabuni na kutumika tena kwa muda mrefu. Vinamfaa mtu anayesimama katika vyama vitatu au vinne kwa siku na kuvivua kila mara. Baadhi yake vina kichujio kinachopunguza kelele bila kuzima sana sauti za mazungumzo.

Tatu, vizibo vinavyotengenezwa kwa kufuata umbo la sikio la mtu mmoja. Ni vizuri na hudumu, lakini bei yake ni kubwa, na lazima mtaalamu achukue umbo la sikio.

Pamba ya dukani, karatasi laini na vipande vya kitambaa si vizibo. Huzuia kelele kidogo sana, na huenda vikaacha mabaki ndani ya sikio. Vilevile, kusikiliza redio au muziki kwa vifaa vya masikioni si kinga. Mara nyingi msafiri huongeza sauti ili ishinde upepo, na hivyo huongeza kelele juu ya kelele.

Katika pakiti utaona tarakimu yenye alama NRR ikiwa vimepimwa kwa utaratibu wa Marekani, au SNR ikiwa ni kwa utaratibu wa Ulaya. Tarakimu hiyo ni ya maabara, na uvaaji wa kawaida hauifikii. Kwa alama ya NRR, njia ya tahadhari ni kuondoa 7, kisha kugawanya kwa 2. Kwa hiyo vizibo vyenye NRR 33 tuvihesabu kuwa vinapunguza desibeli 13. Kelele ya 94 itabaki 81, ambayo ni chini ya 85. Hapo yule katibu wa Masasi anaweza kwenda na kurudi bila deni.

NAMNA YA KUVAA

Kizibo kizuri kilichovaliwa vibaya hakina faida. Kwa vizibo vya sponji, fuata hatua hizi:

1. Nawa mikono, au ikaushe vizuri kwa kitambaa safi.
2. Finyanga kizibo kati ya vidole hadi kiwe chembamba, kisicho na mikunjo.
3. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, shika sikio kwa juu, ulivute juu na nyuma kidogo ili tundu linyooke.
4. Ingiza kizibo upesi, ukishikilie kwa kidole kwa sekunde 30 hadi 40 mpaka kitanuke.
5. Jipime: funika masikio kwa viganja, kisha ondoa. Ukisikia tofauti kubwa, kizibo hakijakaa, kitoe urudie.

Kizibo kisijitokeze nje ya sikio, kwa sababu kofia itakisukuma au kukivuta. Wakati wa kuvua, kizungushe taratibu. Ukikivuta kwa ghafla utaumiza kiwambo. Mwenye sikio linalotoa usaha, linalouma au lililojaa nta asitumie vizibo kabla ya kuonana na mganga.

JE, TUTASIKIA HONI?

Hili ndilo swali ambalo wanachama huuliza kwanza, na ni swali la haki. Jibu ni kwamba kizibo hupunguza upepo na honi kwa pamoja. Honi iliyokuwa ikisikika juu ya upepo huendelea kusikika juu yake, ila vyote viwili huwa chini. Katika mwendo wa kasi, sikio lisiloelemewa hupambanua sauti vizuri zaidi, na dereva hufika akiwa na uchovu kidogo.

Lakini jambo hili lina mipaka. Ukiwa mjini au sokoni, au katika njia ya kijiji ambako mwendo ni mdogo na watoto na baiskeli hutokea kando, kelele ya upepo si kubwa na unahitaji masikio yako yote. Hapo simama uvivue, au tumia vile vya nguvu kidogo. Na mtu ambaye usikivu wake umekwisha kupungua asichague vizibo vizito kupita kiasi. Apime kwanza kwa safari fupi kama bado anasikia honi na injini yake. Kwa wote, vioo vya pembeni viwepo na vitumike.

WAJIBU WA CHAMA

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri kulinda afya ya wafanyakazi wake wakiwa kazini, na chama chenye katibu na makarani ni mwajiri. Napendekeza kila bodi ijadili mambo haya:

(a) Vizibo viwekwe katika makisio ya mwaka pamoja na kofia ngumu na matengenezo ya pikipiki.
(b) Bomba la moshi la pikipiki ya chama likaguliwe kila inapofanyiwa matengenezo.
(c) Waendesha mashine za kusaga, katika vyama vyenye mashine, wapewe kinga ile ile, kwani nao hukaa katika kelele siku nzima.
(d) Mtumishi anayesikia mlio masikioni, anayeomba maneno yarudiwe mara kwa mara, au anayefungulia redio kwa sauti ya juu kuliko wenzake, apelekwe kupimwa mapema.
(e) Katika ukaguzi na mapokezi, tarakimu zinazosomwa kwa sauti zihakikishwe kwa macho kwenye stakabadhi yenyewe.

Hilo la mwisho nimeliongeza kwa sababu ya yule mpima mizani. Kwa saa mbili alisimama mbele ya wanachama wenzake akishukiwa wizi, na hakuna kosa alilofanya. Mimi sasa navaa vizibo kila ninapokwenda kwenye lami, na nilichokipoteza hakitarudi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini sikio likishabomoka, halina fundi wa kulijenga upya. Ndugu Katibu, ziba mapema.