Kiwanja cha Mlimani: Udongo Uliokatwa na Udongo Uliojazwa

Mtu apatapo kiwanja penye mteremko, kazi ya kwanza ni kupata mahali tambarare pa kuweka msingi. Desturi ya watu wengi wa milimani, iwe Lushoto au Rungwe, ni kukata upande wa juu na kuumwaga udongo upande wa chini. Gharama ni ndogo, kwani hakuna udongo wa kununua wala wa kusafirisha. Kiwanja kikisha kusawazishwa, jicho halitambui tena mpaka uliopo katikati yake. Hata hivyo, nusu moja ni udongo uliogandamizwa na uzito wake wenyewe kwa maelfu ya miaka. Nusu ya pili ni kifusi cha juzi. Nyumba ikisimama juu ya nusu zote mbili, upande wa kifusi hutitia, na ukuta hupasuka pale pale penye mpaka.

Ufa ni hasara ndogo. Mji wa Hong Kong, uliojengwa juu ya milima ambayo mwamba wake umeoza ukawa udongo, ulipata hasara kubwa zaidi. Tarehe 18 Juni 1972, baada ya mvua nyingi ya siku kadhaa, tuta la kifusi huko Sau Mau Ping liliporomoka na kuua watu 71. Siku hiyo hiyo, huko Po Shan Road, mteremko uliokuwa na kiwanja cha ujenzi kilichochimbwa uliteremka, ukaangusha jengo la ghorofa na kuua watu 67. Agosti 1976 tuta jingine la Sau Mau Ping lilianguka, wakafa 18. Wataalamu waliochunguza walikuta kwamba kifusi kilikuwa kimemwagwa tu bila kushindiliwa. Mwaka 1977 iliundwa ofisi maalumu ya kusimamia miteremko ya mji huo.

Maji ndiyo yaliyokuwa kiini cha maafa hayo, na mwalimu aweza kuonyesha kazi yake darasani kwa ndoo ya mchanga. Mchanga mkavu ukimiminwa hufanya chungu chenye pembe ya nyuzi 30 hadi 35 hivi, wala hauzidi hapo. Ukitiwa maji kidogo husimama wima, kwa sababu utando mwembamba wa maji huvuta chembe pamoja. Ukijazwa maji hadi nafasi zote kati ya chembe zijae, mvuto ule hutoweka, kanieneo ya maji huzisukuma chembe mbali, msuguano hupungua, na ukuta wa mchanga huanguka. Ndiyo maana kingo iliyokatwa wima wakati wa kiangazi huweza kusimama miezi mingi, ikamdanganya mwenye nyumba, kisha ikaanguka usiku mmoja wa masika.

Kifusi kisichoshindiliwa kina hatari ya ziada. Mchele katika debe ukitikiswa hushuka, kwa kuwa punje hupata nafasi ya kukaribiana. Kifusi kilichojaa maji kikisukumwa nacho hutaka kujikaza, lakini maji hayana njia ya kutoka upesi. Uzito wote hubebwa na maji, na tuta zima hutiririka kama uji.

Dawa yake haina siri. Kwanza majani, mizizi na udongo wa juu huondolewa, na mteremko hukatwa ngazi ngazi ili kifusi kipate mahali pa kushika. Kisha kifusi hutandazwa kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila moja ikishindiliwa kabla ya nyingine kuwekwa. Mhandisi wa Marekani, Ralph Proctor, alionyesha mwaka 1933 kwamba kila udongo una kiasi chake cha unyevu kinachoufanya ushindilike vizuri kuliko vyote: ukiwa mkavu mno chembe hukataa kuteleza, ukiwa majimaji mno maji hushika nafasi zao. Mafundi wengi hushindilia udongo wowote waukutao, hata vumbi tupu.

Kingo za kifusi zilazwe, kwa kawaida mita 1 ya kimo kwa mita 2 za mlalo, na mtaro uchimbwe juu ya sehemu iliyokatwa ili maji ya mlimani yapite kando. Mwenye nafasi ya kutosha na aiweke nyumba yote upande uliokatwa, mbali na ukuta wa udongo ulio nyuma yake, na kifusi akiachie bustani.