Kununua Trela Kuukuu: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kutoa Pesa

Jilaal inapokaza na mabwawa kukauka, safari za kutafuta maji huwa ndefu katika Kaunti ya Garissa. Wakazi hawajasahau kipindi cha kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, ambapo misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha. Maboza ya serikali na ya mashirika yalipeleka maji vijijini, lakini boza moja haliwezi kuwa kila mahali siku moja. Ndiyo sababu vikundi vingi vya kina mama, vya vijana na vya wafugaji huweka akiba kwa ajili ya trela wazi, ya kuvutwa na pikapu au trekta, ili vijibebee maji, nyasi za mifugo, mbuzi wa kupeleka soko la Garissa, au jenereta ya kisima inapohitaji kupelekwa kwa fundi.

Trela mpya ni ghali, na wengi huishia kununua iliyokwishatumika. Trela kuukuu si mbaya, kwa kuwa ni chombo kisicho na injini na ikitunzwa hudumu miaka mingi. Tatizo ni kwamba kasoro zake hujificha chini ya rangi mpya. Trela ikikatika ekseli ikiwa na maji katikati ya barabara ya mchanga, hasara haiishii kwenye chuma. Maji yamemwagika, mifugo inasubiri, na akiba ya kikundi imekwenda.

Anza na mzigo, kisha utafute trela

Kosa la kwanza ni kuona trela ya bei nzuri na kuinunua kabla ya kujua itabeba nini. Maji yana hesabu rahisi: lita moja ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo lita 1,000 ni tani moja kamili.

Tuchukulie kikundi kinachotaka kubeba matangi mawili ya lita 1,000, yale ya plastiki yaliyozungushiwa kizimba cha chuma. Tangi tupu la aina hiyo lina takriban kilo 60. Matangi mawili yakijaa ni kama kilo 2,120. Ikiwa trela yenyewe ina kilo 600, gari litavuta kilo 2,720. Huo si mzigo wa kila pikapu. Uzito ambao gari linaruhusiwa kuvuta umeandikwa katika kitabu cha mtengenezaji, na hutofautiana kati ya modeli moja na nyingine hata kama magari yanafanana kwa sura. Tangi la lita 5,000 ni tani tano za maji peke yake. Hilo ni la trekta au lori.

Kwa mbuzi hesabu ni ile ile. Mbuzi 30 wenye wastani wa kilo 30 kila mmoja ni kilo 900. Ngamia mkubwa mmoja anaweza kufika nusu tani na zaidi, na kwa kuwa ni mrefu na husogea, trela nyepesi ya pikapu haimfai.

Jambo la pili ni breki. Katika nchi nyingi, trela nyepesi isiyo na breki zake haipaswi kuzidi kilo 750 pamoja na mzigo. Trela ya maji itapita kiasi hicho bila shaka, kwa hiyo inunuliwe yenye breki zinazofanya kazi. Gari linalosukumwa kwa nyuma na tani mbili za maji kwenye mteremko wa laga halisimami pale dereva anapotaka.

Ukaguzi wa chuma

Trela ikaguliwe mchana, ikiwa tupu na imeoshwa. Kikundi kiende na fundi wa kuchomea vyuma asiyefahamiana na muuzaji.

Fundi alale chini na aangalie chasisi kwa urefu wake wote. Sehemu za kutazama sana ni tatu: pale mkono wa trela unapoungana na chasisi, pale springi zinaposhikwa, na pale ekseli inapofungwa. Nyufa huanzia hapo. Mstari mwembamba wa kutu unaopita katikati ya rangi nzima kwa kawaida ni ufa. Maungio yaliyochomewa mara ya pili na ya tatu, moja juu ya jingine, yanaonyesha kwamba chuma kilishawahi kukatika na kinaweza kukatika tena.

Chuma kigongwe kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia, na kilicholiwa na kutu ndani hutoa sauti nzito. Trela iliyobeba chumvi, mbolea au maji yanayovuja huoza sakafu na kona kwanza.

Kisha ipimwe kwa kamba kutoka kona ya mbele kushoto hadi kona ya nyuma kulia, na kona nyingine vivyo hivyo. Vipimo viwili visipolingana, chasisi imepinda, na trela hiyo itakwenda upande na kula matairi.

Ekseli, beringi na matairi

Trela nyingi za juakali hujengwa kwa ekseli ya nyuma ya pikapu. Hilo lina faida yake, kwa sababu vipuri hupatikana Garissa mjini bila kuagizwa Nairobi, umbali wa takriban kilomita 370. Bora zaidi ni trela ambayo rimu zake zina idadi ya nati na nafasi sawa na za gari linaloivuta. Hapo tairi moja la akiba hutumika kwa vyote viwili.

Kila gurudumu liinuliwe kwa jeki, lishikwe juu na chini, na litikiswe. Likicheza, beringi zimelegea au zimekwisha. Kisha lizungushwe na fundi asikilize. Mkwaruzo maana yake ni beringi za kubadilishwa. Baada ya hapo trela ivutwe kilomita 15 hivi nje ya mji, na mara tu inaposimama kila habu ikaribiwe kwa nyuma ya mkono. Habu iliyo moto kuliko zile nyingine ina kasoro. Vumbi na joto linalopita nyuzi 35 haviisamehei beringi iliyoanza kuharibika.

Matairi hayapimwi kwa macho peke yake. Pembeni mwa kila tairi kuna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, hivyo 1417 ni wiki ya 14 ya mwaka 2017. Trela husimama muda mrefu juani, na tairi linaweza kuwa na meno mazuri huku mpira wake umekauka na kupasuka pembeni. Tairi la namna hiyo hulipuka likipewa mzigo.

Kiungio, minyororo na taa

Kiungio cha trela lazima kilingane na cha gari. Trela nyingi za pikapu hutumia tufe la chuma la milimita 50, lakini zenye asili ya Marekani hutumia tufe la inchi mbili, ambalo ni kubwa kidogo. Kiungio cha inchi mbili kikikaa juu ya tufe la milimita 50 huonekana kimeshika, kisha hujichomoa kwenye tuta. Trela za trekta hutumia jicho la chuma na pini. Jicho lililolika na kubaki jembamba upande mmoja libadilishwe kabla ya safari ya kwanza.

Iwepo minyororo miwili ya usalama, iliyofungwa kwa kupishana chini ya mkono wa trela, ili kiungio kikiachia mkono usichimbe barabara. Taa za nyuma, za breki na za kugeukia zijaribiwe zote, na viakisi mwanga viwepo. Usiku kwenye barabara ya Garissa kwenda Dadaab au Modogashe, trela isiyo na taa huonekana na lori la nyuma wakati umekwisha.

Tangi nalo likaguliwe

Matangi ya plastiki yenye kizimba huuzwa yakiwa yametumika, na mengine yalibeba kemikali za viwandani. Kulisuuza hakulifanyi lifae kwa maji ya kunywa. Kikundi kinunue tangi ambalo kibandiko chake bado kipo na kinaonyesha lilibeba chakula. Lisilo na kibandiko liachwe.

Matangi ya duara ya kuwekwa nyumbani hayakutengenezwa kwa kusafirishwa yakiwa na maji. Hupasuka chini yakitikiswa barabarani. Aidha, tangi lililojaa nusu ni hatari kuliko lililojaa kabisa, kwa sababu maji huenda mbele na nyuma na kusukuma gari. Lisafiri limejaa au tupu.

Mzigo ukae mbele kidogo ya ekseli, kiasi kwamba sehemu kama moja ya kumi ya uzito wote iegemee kwenye gari. Mzigo ukiwa nyuma sana, trela huanza kuyumba mkia. Ikiyumba, dereva aondoe mguu kwenye mafuta taratibu na asikanyage breki kwa nguvu. Watu wasipandishwe juu ya trela, hata kwa safari fupi ya kutoka kisimani.

Karatasi

Trela husajiliwa kama gari, na nambari yake nchini Kenya huanza na herufi Z. Muuzaji aonyeshe kitabu cha umiliki, na nambari ya chasisi iliyo kwenye kitabu ilingane na iliyogongwa kwenye chuma. Nambari iliyosuguliwa au kuchomewa kipande kingine juu yake ni sababu ya kuondoka.

Rekodi za umiliki hutafutwa kupitia mfumo wa NTSA kwenye eCitizen, na umiliki huhamishwa huko huko. Ikiwa jina la benki au mkopeshaji limo kwenye kitabu, deni halijaisha. Tangu sheria ya 2017 ya dhamana za mali zinazohamishika, kuna pia rejista inayoonyesha kama mali imewekwa rehani. Wasiozoea mtandao wanaweza kupata usaidizi katika Huduma Centre ya Garissa.

Kikundi kihakikishe trela imeandikwa kwa jina la kikundi na si la mwanachama mmoja. Migogoro mingi huanzia hapo, miaka baada ya ununuzi. Bima iulizwe mapema, na leseni ya dereva ilingane na gari na mzigo. Kwa mifugo, kibali cha kusafirisha kipatikane kwa afisa wa mifugo kabla ya safari.

Bei ya kweli

Bei anayotaja muuzaji ni mwanzo wa hesabu. Mnunuzi aongeze matairi, beringi, nyaya za taa, minyororo na ada ya kuhamisha umiliki, kisha alinganishe jumla na trela nyingine. Kasoro ndogo kama taa na mbao za sakafu ni nafasi ya kupunguziwa bei. Chasisi iliyopasuka, ekseli iliyopinda na karatasi zisizolingana hazina bei nzuri hata muuzaji akipunguza nusu.

Wakati mzuri wa kutafuta ni sasa, kabla ukame haujabana na kila mtu kuhitaji trela wiki moja. Haraka haraka haina baraka, na kikundi kinachonunua maji yakiwa bado yapo kinaweza kukataa trela mbovu na kungoja nyingine.