Wanawake wahandisi: Kwa nini walihitaji jumuiya yao

Ndugu msomaji, itazame soketi ya umeme iliyo ukutani mwa nyumba yako. Ikiwa ni ya aina iliyozoeleka hapa kwetu Tanzania, na vilevile kwa jirani zetu wa Kenya na Uganda, ina matundu matatu ya pembe nne. Plagi yake nayo ina meno matatu, na lile la juu limewazidi wenzake kwa urefu. Urefu huo haukuwekwa kwa pambo. Katika soketi nyingi za aina hii, jino refu ndilo linalotangulia kuingia. Likiingia husukuma vilango vidogo vilivyofichwa ndani, ndipo matundu mawili ya chini, yenye umeme, yanapofunguka. Plagi ikichomolewa, vilango hivyo hujifunga. Mtoto anayetambaa akichokoa tundu la chini kwa kijiti, hukuta limezibwa.

Kanuni za plagi hiyo zilitolewa Uingereza mwaka 1947. Kabla yake, mwaka 1942, wakati Vita Kuu ya Pili ingali ikipiganwa, wataalamu wa umeme waliunda kamati ya watu 20 ili kufikiria namna ya kutia umeme katika nyumba zitakazojengwa vita vitakapokwisha. Taarifa ya kamati hiyo ya mwaka 1944 ilisisitiza kwamba usalama wa watoto wadogo ni jambo kubwa, na kwamba matundu ya soketi hayana budi kukingwa. Katika watu hao 20, mwanamke alikuwa mmoja tu, naye ni Caroline Haslett.

Mtu anaweza kuuliza: mwanamke huyo, ambaye hakuwa na shahada ya chuo kikuu na ambaye baba yake alikuwa fundi wa ishara za reli, alifikaje katika baraza la wakubwa wa fani ya umeme? Jibu lake limo katika historia ya jumuiya ya wafanyakazi wa fani moja, walioona kuwa mmoja mmoja hawatasikilizwa.

MLANGO WAFUNGULIWA, KISHA WAFUNGWA

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, wanaume wa Uingereza walikwenda vitani kwa mamilioni. Viwanda havikuweza kusimama. Wanawake kwa malaki wakaingia katika karakana, wakajifunza kukereza chuma, kuunganisha vyuma kwa moto na kuunda mizinga na ndege. Kazi ambazo jana yake ziliambiwa kuwa haziwezekani kwa mwanamke, zikawezekana.

Miongoni mwao alikuwamo Rachel Parsons. Baba yake, Charles Parsons, ndiye aliyebuni mwaka 1884 tabaini ya mvuke, ambayo mfano wake hata leo huzungusha mitambo mingi ya kufulia umeme duniani. Rachel alisomea uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Cambridge tangu mwaka 1910, lakini hakupewa shahada, kwa kuwa chuo hicho hakikuwapa wanawake shahada kamili mpaka mwaka 1948. Ndugu yake alipokwenda vitani, Rachel alishika nafasi yake ya ukurugenzi katika kiwanda cha familia huko Heaton, Newcastle.

Vita vilikwisha Novemba 1918. Mwaka 1915 Serikali ilikuwa imeviahidi vyama vya wafanyakazi kwamba mara amani itakaporejea, utaratibu wa kazi wa zamani nao utarudishwa. Mwaka 1919 ahadi hiyo ikatungiwa sheria. Tuseme kweli: hofu ya wafanyakazi wanaume haikuwa ya bure. Walirejea kutoka vitani wakitaka kazi zao, na walijua kuwa wapo waajiri wanaopenda kumtumia mwanamke kwa ujira mdogo ili wapunguze ujira wa wote. Lakini dawa iliyochaguliwa haikuwa kudai malipo sawa kwa kazi sawa. Ilikuwa kuwatoa wanawake nje. Hata chama kikuu cha wafanyakazi wa uhandisi hakikuwapokea wanawake kuwa wanachama mpaka mwaka 1943.

Katharine Parsons, mama yake Rachel, alilitaja jambo hilo mbele ya wahandisi wa Newcastle katika mwaka huo wa 1919. Aliona ni upotovu kwamba wanawake waliitwa kutengeneza zana za kuulia watu, kisha wakanyimwa haki ya kutengeneza vyombo vya amani.

WANAWAKE SABA

Tarehe 23 Juni 1919, wanawake saba waliandikisha Jumuiya ya Wahandisi Wanawake mjini London. Rachel alikuwa rais wake wa kwanza. Hawakuwa wote watu wa ukwasi kama akina Parsons. Mmoja wao, Laura Annie Willson, alianza kazi katika kiwanda cha nguo akiwa mtoto wa miaka 10, akigawa siku yake baina ya kiwanda na shule. Baadaye alikuja kujenga nyumba za wafanyakazi katika mji wa Halifax.

Jumuiya ilihitaji katibu, ikampata Caroline Haslett, msichana wa miaka 23. Alikuwa karani katika kampuni ya maboila. Alipochoshwa na meza aliomba apelekwe karakana, akajifunza kazi huko. Alianza kuhariri jarida la jumuiya, akajibu barua za wasichana waliotaka kujua ni kiwanda gani kitawapokea na ni chuo gani kitawasomesha.

Mwaka 1924 kilianzishwa chama kingine, Chama cha Umeme cha Wanawake, Haslett akiwa mkurugenzi wake. Umeme ulikuwa ukiingia majumbani na wengi waliuogopa. Chama kiliwafundisha kina mama namna ya kuutumia bila kudhurika, na pia kiliwasikiliza: jikoni soketi iwekwe wapi, waya gani hukatika upesi, mtoto huumia vipi. Mwaka 1935 kilisimamia ujenzi wa nyumba nzima ya umeme mjini Bristol ili watu wajionee. Kwa hiyo Haslett alipoketi na wataalamu wale 19 wanaume, alikuwa amebeba maarifa ya miaka mingi yaliyotoka majikoni, ambayo hayakuwa yameandikwa katika vitabu vya wahandisi.

MKUBWA KUMSHIKA MKONO MDOGO

Wengine hudhani kuwa kazi ya jumuiya za namna hii ni kufanya mikutano na kunywa chai. Maisha ya Beatrice Shilling yanaonyesha vinginevyo. Alikuwa msichana aliyenunua pikipiki akiwa na miaka 14, akaifungua na kuifunga mwenyewe. Alipomaliza shule alipokewa kazini na Margaret Partridge, mwanajumuiya aliyekuwa na kampuni ya kupeleka umeme vijijini katika jimbo la Devon. Huko alitandika nyaya na kufunga mitambo. Partridge hakuridhika kumbakiza pale kama kibarua hodari. Alimhimiza aende Chuo Kikuu cha Manchester, naye akahitimu uhandisi wa umeme mwaka 1932.

Mwaka 1936 Shilling aliajiriwa katika kituo cha serikali cha utafiti wa ndege huko Farnborough. Vita ya pili ilipopamba moto, marubani wa Uingereza walipatwa na balaa: rubani akiinamisha ndege ghafla kumfuata adui, injini ilikatika. Mafuta yalikwenda ovyo katika kabureta, injini ikakosa mchanganyiko unaofaa, na katika nukta hizo chache adui alitoweka au akageuka kumshambulia. Mwaka 1941 Shilling alibuni kisahani kidogo cha chuma chenye tundu katikati, kilichopimwa ili kisipitishe mafuta kuliko injini inavyohitaji. Kilifungwa bila kuiondoa ndege kazini. Yeye na wenzake walizunguka viwanja vya ndege wakivifunga, na marubani wengi wakaokolewa na kipande cha chuma kidogo mno.

Kipaji kilikuwa chake mwenyewe. Lakini kama Partridge asingekuwapo kumpokea, yamkini kipaji hicho kingeishia katika pikipiki.

MFANO ULIOENEA

Wengine nao wameipita njia hiyo. Huko Marekani wanawake waliunda jumuiya yao ya wahandisi mwaka 1950, Beatrice Hicks akiwa rais wa kwanza. Aprili 1975, katika Chuo Kikuu cha Purdue, jimbo la Indiana, wanafunzi weusi 48 kutoka vyuo mbalimbali walikutana wakaunda jumuiya ya taifa ya wahandisi weusi. Pale Purdue vijana weusi waliokuwa wakiingia mwaka wa kwanza wa uhandisi wengi waliacha masomo njiani. Wenzao wakaona dawa ni kusoma pamoja, kupashana habari za kazi, na kumfanya aliye darasa la juu awajibike kwa aliye chini yake.

Kuanzia mwaka 2017, siku ya 23 Juni huadhimishwa kimataifa kuwa Siku ya Wanawake katika Uhandisi. Hata hivyo kazi haijakwisha. Katika nchi nyingi, Uingereza yenyewe ikiwamo, wahandisi wanawake wangali wachache mno kuliko wanaume.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Sisi wazazi wa mjini tuna sehemu yetu katika ulezi huu. Binti akiifungua redio mbovu na kutandaza vipande vyake sakafuni, asikaripiwe kwa jambo ambalo kaka yake angesifiwa. Aulizwe ameona nini ndani yake. Kisha atafutiwe mtu: fundi wa mtaa mwenye heshima na kazi yake, mwalimu wa fizikia, au mhandisi mwanamke aliyetangulia, ili amwone kwa macho na kumwuliza njia aliyopita. Na yule aliyekwisha kupata shahada na kofia ya karakana asisahau kwamba nyuma yake yupo msichana anayesubiri barua yake ijibiwe.