Utangulizi: Chanjo Inayotengenezwa Upya Kila Mwaka

Chanjo ya surua anayopewa mtoto leo inapambana na kirusi kilekile kilicholengwa na chanjo za kwanza za miaka ya 1960. Influenza haitupi nafasi hiyo. Kila mwaka chanjo yake huangaliwa upya, na mtu aliyechanjwa mwaka jana anatakiwa arudi tena kwa daktari wake. Kitabu hiki kinaeleza kwa nini.

Kirusi cha influenza kimezungukwa na protini mbili, hemaglutinini na neuraminidasi, na hizo ndizo kinga ya mwili hujifunza kuzitambua. Kikizaliana, kirusi hufanya makosa madogomadogo katika kunakili vinasaba vyake. Makosa hayo yakirundikana, hemaglutinini hubadilika sura, na kingamwili za mwaka jana huipita bila kuijua, kama mlinzi aliyepewa picha ya zamani ya mwizi.

Ndiyo maana kirusi hiki kinafuatiliwa bila kupumzika. Tangu 1952 Shirika la Afya Duniani limekuwa na mtandao wa maabara zinazokusanya sampuli za wagonjwa, leo katika nchi zaidi ya 100, Kenya ikiwamo. Kila Februari wataalamu wake huchagua aina zitakazoingia kwenye chanjo ya kaskazini ya dunia. Septemba huchagua za kusini. Hawawezi kungoja zaidi, kwa kuwa chanjo nyingi bado hukuzwa ndani ya mayai ya kuku yenye kiinitete: kirusi huingizwa kwenye yai, huachwa siku mbili tatu kizaliane, kisha majimaji yenye kirusi huvutwa, kirusi huuawa kwa kemikali na kusafishwa. Kazi yote huchukua takriban miezi sita.

Katika miezi hiyo sita kirusi nacho hakilali. Msimu wa 2014 hadi 2015 aina ya kirusi iitwayo H3N2 ilibadilika baada ya uamuzi kupitishwa, na chanjo ikakinga kidogo sana. Hata ikilingana vizuri na virusi vinavyozunguka, hupunguza uwezekano wa kuugua kiasi cha kumwona daktari kwa asilimia 40 hadi 60 tu. Napenda msomaji aijue takwimu hiyo mapema, asije akaambiwa na mtu mwingine akadhani alifichwa. Kwa ugonjwa unaoua watu kati ya 290,000 na 650,000 duniani kila mwaka, nusu ya kinga ni maisha mengi sana.

Tutakaa kwa muda mrefu Uingereza, kwa sababu huko safari hii yote huishia mahali pa kawaida kabisa: kliniki ya daktari wa mtaa, mara nyingi Jumamosi asubuhi ya Oktoba. Wazee wa miaka 65 na kuendelea, wajawazito, na wenye kisukari, pumu au ugonjwa wa moyo hawalipi kitu. Muuguzi huuliza kama una homa leo, na kama chanjo iliwahi kukudhuru. Unakunja mkono wa shati, anakuchoma nusu mililita kwenye msuli wa bega, basi. Mkono unaweza kuuma siku moja au mbili. Sindano hiyo haiwezi kukupa influenza, maana haina kirusi hai. Lakini kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka, na anayeambukizwa katikati ya hapo huilaumu sindano bure.

Watoto wadogo kwa kawaida hupuliziwa dawa puani. Hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na ina jelatini ya nguruwe. Wazazi Waislamu, wakiwamo Waswahili wengi wanaoishi huko, huulizia jambo hili, nao wana haki kamili ya kuuliza: ipo sindano isiyo na jelatini, na mzazi anaweza kuiomba.

Sura ya kwanza inaanzia London mwaka 1933. Watafiti Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw walichukua maji waliyosukutua wagonjwa, wakayachuja hadi bakteria wasipite, wakawatia puani fereti, wanyama wadogo wa jamii ya vicheche. Fereti wakaugua, kwa hiyo kisababishi hakikuwa bakteria. Kabla ya hapo madaktari wengi walimlaumu bakteria aliyeelezwa na Richard Pfeiffer mwaka 1892, na chanjo nyingi za wakati wa janga la influenza la 1918 zilitengenezwa dhidi yake.