Skrubu mgongoni: Uliza kwanza

Ukiambiwa kuwa kiuno chako kitatiwa skrubu, usishtuke, lakini usikubali kabla ya kuuliza sababu. Maumivu mengi ya kiuno hupungua bila upasuaji. Skrubu hufaa hasa pale pingili imeteleza juu ya nyingine, au imevunjika na kulegea.

Daktari wa upasuaji huzipitisha, mara nyingi zikiwa za titani na unene wa milimita 6 au 7, katika sehemu mbili nyembamba za mfupa zilizo nyuma ya pingili, kisha huziunganisha kwa vyuma virefu. Neva zimo karibu mno hapo, kwa hivyo eksirei hutumiwa kuongoza kazi.

Skrubu peke yake haiponyi. Hushikilia tu, kama mbao za fundi zinavyoshikilia saruji mbichi, hadi mfupa uliopandikizwa ushikane, pengine miezi 6 hadi mwaka. Usiposhikana, chuma huweza kulegea au kukatika. Mvutaji sigara yumo hatarini zaidi. Mimi humwambia aache kwanza, hata akinikasirikia.

Lakini ukishindwa kukojoa au ukifa ganzi sehemu za siri, usingoje miadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.