Miungu na Mashujaa wa Karatu na Ngorongoro

Imani za jadi za Karatu na Ngorongoro hazina ukoo wa miungu kama ule wa Wagiriki wa kale. Hakuna mfalme wa mbinguni anayemhadaa mkewe kila kukicha, wala ndugu watatu wanaogawana mbingu, bahari na kuzimu. Kuna Mungu mmoja aliye mbali, mara nyingine mwenye sura mbili, kuna mahali patakatifu palipo karibu, na kuna mashujaa ambao makaburi yao bado yanatajwa. Hata hivyo, anayezijua kidogo hadithi za Ugiriki atakutana huku na mambo asiyoyaona mageni: mtoto aliyezaliwa mguuni mwa baba yake, mlima unaotapika moto, vizazi vya majitu vilivyowatangulia binadamu, na kiongozi aliyefia njiani akiwahamisha watu wake.

Utajiri huu una sababu yake. Kuanzia mashamba ya vitunguu ya Mang'ola, kupanda Karatu mjini, kupita ukingo wa Kreta ya Ngorongoro na kushuka hadi mabonde ya upande wa Loliondo, zinasikika lugha za makundi manne yasiyo na undugu. Wairaqw wana lugha ya Kikushi, Wamasai na Wadatoga wana lugha za Kinilo, Wabatemi, ambao wengi huwaita Wasonjo, husema lugha ya Kibantu, nao Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi wana lugha isiyo na ndugu anayejulikana. Ni maeneo machache sana Afrika yenye mchanganyiko wa namna hii.

Kwa Wairaqw, ambao ndio wengi wilayani Karatu, anayetawala juu ni Looaa. Huyu ni Mungu wa kike, naye ni jua lenyewe. Ni mwema, hana haraka ya kuadhibu, na mvua hutoka kwake. Ugiriki jua lilikuwa la kiume, Helios mwenye gari la farasi, na halikupewa cheo kikubwa mbele ya Zeus. Chini ya Looaa wako neetlaangw, roho wa ardhini wanaokaa kwenye chemchemi, mito na mapango. Hawa ndio wa kuogopwa, kwani ugonjwa na mikosi mingi huhesabiwa kuwa kazi yao. Wagiriki nao walizijaza chemchemi zao viumbe, lakini wao waliwaona kuwa wasichana warembo. Mzee wa Kiiraqw aliyelelewa na hadithi za neetlaangw angewashangaa.

Hofu hiyo ina taratibu zake. Mtu aliyeguswa na kifo, kama mjane au mama aliyeharibikiwa na mimba, kwa desturi ya zamani alihesabiwa kuwa na unajisi unaoitwa metimani, akatengwa kwa muda: asile na wengine, asitembelee nyumba za watu. Wagiriki walikuwa na imani ya jinsi hiyo, na tamthilia ya Sophocles kuhusu mfalme Oedipus imejengwa juu yake. Mji wa Thebes unaugua kwa sababu mmoja wa wakazi wake amebeba unajisi wa damu bila kujua. Tofauti ni kwamba Oedipus alifukuzwa moja kwa moja, ilhali Mwiraqw aliyetengwa alirudi kwa watu wake muda ulipokwisha.

Haya yote husikika katika slufay, sala ndefu ya kishairi inayotolewa na mzee watu wanapokutana. Mzee husema kwa mistari mifupimifupi yenye mpigo, na waliokaa humwitikia kwa pamoja kila mstari unapotua. Huombwa mvua, uzazi, mifugo na amani na majirani. Anayeyatamka hasomi popote. Huchagua maneno kulingana na shida iliyowakutanisha watu siku hiyo, ndiyo maana slufay mbili hazilingani neno kwa neno. Wataalamu wa Homer wanaamini kwamba tenzi zake nazo zilizaliwa hivyo, midomoni mwa wasimulizi, kabla hazijaandikwa.

Kaskazini mwa kreta mambo yanabadilika. Enkai, Mungu wa Wamasai, ni mmoja, lakini ana sura mbili: Enkai Narok, mweusi kama wingu la mvua, na Enkai Nanyokie, mwekundu, wa ukame na hasira. Masimulizi yaliyochapishwa na A. C. Hollis mwaka 1905 yanawaeleza kama miungu wawili wanaobishana. Mweusi anataka watu wapewe maji kwa kuwa wanakufa njaa, mwekundu anakubali shingo upande, kisha anataka kuwaangamiza. Radi inayopasua karibu ni mwekundu akijaribu kushuka awaue watu, na ngurumo ya mbali, ile nzito ya taratibu, ni mweusi akimsihi awaache. Zeus alishika radi peke yake na hakuwa na wa kumzuia.

Katika mkusanyo huohuo kuna habari ya mtu aliyeitwa Leeyo. Aliagizwa kwamba mtoto akifa aseme mtu afe na arudi, mwezi ufe na usirudi. Mtoto wa kwanza kufa hakuwa wake, basi akayageuza maneno kwa makusudi. Alipofiwa na wake mwenyewe akataka kuyarudisha, akaambiwa amechelewa. Tangu hapo mwezi hufa na kurudi, na mtu hufa moja kwa moja. Pandora wa Wagiriki aliyaachia mabaya duniani kwa kufungua mtungi. Leeyo alikileta kifo kwa kutomjali mtoto wa mwenzake, na kati ya hadithi hizo mbili ya Leeyo ndiyo inayouma zaidi.

Makao ya Enkai ni Oldoinyo Lengai, volkano iliyo hai kusini mwa Ziwa Natron, wilayani Ngorongoro. Urefu wake ni takriban mita 2,960, unaokaribiana na wa Olympus wenye mita 2,917. Wamasai huenda huko kuomba mvua na watoto. Lava yake ni ya pekee duniani. Hutoka nyeusi na nyepesi, ikitiririka kama mafuta mazito, kwa joto la kati ya nyuzi 500 na 600 tu, wakati lava ya kawaida ya basalti hupita 1,000. Mchana haionyeshi hata wekundu. Ikikutana na unyevu wa hewa hubadilika, ikawa ya kijivu na hatimaye nyeupe, hata anayeutazama mlima kutoka mbali hudhani kilele kina theluji. Mlima ulilipuka kwa nguvu mwaka 1917, 1940, 1966 na 2007, na majivu ya milipuko hiyo yaliangukia malisho. Wagiriki waliielezea Etna ya Sicily kwa hadithi ya Typhon, jitu ambalo Zeus alilifukia chini yake na ambalo bado linapumua moto. Chini ya Lengai hakuna adui aliyefukiwa. Moto ni wa mwenye mlima.

Wadatoga, waliokuwa ndani ya kreta kabla ya Wamasai kuwaondoa katika karne ya 19, humwita Mungu Aseeta. Wanawake wao wana Udameselgwa, mungu wa kike wanayemwomba kwa nyimbo wakiwa peke yao, hasa juu ya uzazi. Baraza la wanawake lina mamlaka ya kumtoza ng'ombe mwanamume aliyevunja heshima ya mwanamke, na waume huogopa laana yake. Hera, mke aliyedhulumiwa na Zeus miaka nenda rudi, hakuwahi kupata baraza la namna hiyo.

Mzee wa Kidatoga mwenye heshima kubwa huzikwa kwa sherehe ya bung'ed. Juu ya kaburi huinuliwa kichuguu cha udongo kwa awamu, kwa muda wa miezi, hadi siku ya kilele ambapo ukoo mzima na majirani hukusanyika. Baada ya hapo marehemu ni mzimu mwenye nguvu, na kaburi lake ni mahali pa kuombea. Hapa ulinganisho na Ugiriki uko karibu sana. Katika Iliad, Achilles anamwinulia rafiki yake Patroclus tuta la udongo, na Wagiriki wa zama zilizofuata walitoa sadaka kwenye makaburi ya mashujaa wakitumaini msaada wao. Ndani ya Kreta ya Ngorongoro, karibu na msitu wa Lerai, mikuyu mikubwa inatajwa kuwa alama ya kaburi la kiongozi wa Kidatoga aliyefia vitani dhidi ya Wamasai.

Shujaa mkubwa kuliko wote wa eneo hili ni Khambageu wa Wabatemi. Habari zake zinajulikana nje zaidi kupitia Robert F. Gray, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti huko miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu mwaka 1963. Khambageu hakuwa na mama. Mguu wa baba yake ulivimba, ukapasuka, mtoto akatoka. Dionysus naye alishonwa katika paja la Zeus baada ya mama yake kuungua, akazaliwa humo. Lakini Wagiriki walimpa Dionysus mama kwanza, ilhali Wabatemi hawakuona haja ya hilo.

Alipokua, Khambageu aliponya wagonjwa na kufanya miujiza. Alihama kijiji hadi kijiji, hapa akipokewa, pale akikorofishana na wenyeji. Hatimaye alikufa akazikwa. Kaburi lilipofunguliwa hakukuwa na mwili, zilikuwapo ndara zake tu, na wapo waliosema walimwona akipaa kuelekea jua. Ugiriki ina kisa kinachokaribiana na hiki. Empedocles, mwanafalsafa wa Sicily, anasemekana kuwa alijitupa ndani ya Etna ili adhaniwe kuwa amegeuka mungu, lakini volkano ikakitema nje kiatu chake cha shaba. Kwa Wagiriki kiatu kilimuumbua mtu. Kwa Wabatemi ndara zilikuwa ushahidi.

Khambageu ni mungu anayeabudiwa, na sikukuu yake, Mase, husherehekewa katika vijiji vya Wabatemi. Inaaminika kwamba mwisho wa dunia yatatokea majua mawili, moja mashariki na jingine magharibi, na yakikutana Khambageu atawaokoa wenye kovu la ntemi, alama ambayo Mbatemi hutiwa mwilini. Kufanana na Ukristo ni dhahiri, na Gray aliandika makala juu ya hilo mwaka 1965. Si lazima kila kaburi tupu liwe limeazimwa kwa jirani. Herakles naye alichomwa juu ya rundo la kuni mlimani, mifupa yake haikuonekana, akahesabiwa miongoni mwa miungu.

Wahadzabe husema kidogo juu ya miungu. Haine ni mwezi, Ishoko, mkewe, ni jua, na ngoma yao takatifu, epeme, huchezwa usiku wa giza usio na mwezi. Kinachovutia zaidi ni historia yao ya vizazi vinne. Wa kwanza walikuwa majitu yenye manyoya mwili mzima, wasio na moto wala nyumba, walioua wanyama kwa kuwakazia macho tu. Wa pili, wakubwa lakini bila manyoya, walipata moto wakaishi mapangoni. Wanyama walikuwa wameanza kuwakimbia, kwa hiyo waliwinda kwa mbwa. Wa tatu walileta upinde na vibanda, na wa nne ndio wa leo. Mshairi Hesiod naye aliigawa historia ya binadamu katika vizazi, vitano kwake, vikianzia na dhahabu na kuishia na chuma. Yeye alisikitika kuzaliwa katika cha mwisho. Masimulizi ya Kihadza hayana majonzi hayo, kwa kuwa yanahesabu kilichopatikana, ingawa kuua nyama kwa jicho si kitu kidogo cha kupoteza.

Shujaa wa asili wa Wairaqw ni Haymu Tipe, kiongozi wa Ma'angwatay, nchi ambayo hudhaniwa ilikuwa upande wa Kondoa. Vijana waliogombea madaraka walimteka Gemakw, mwanawe wa pekee, wakatishia kumuua asipowaruhusu wapiganaji kwenda vitani. Wapiganaji walikwenda, wengi hawakurudi. Haymu Tipe akahama na watu wake hadi Guser-Twalay, akaugua akafia huko, na Gemakw ndiye aliyewafikisha wengine katika misitu ya magharibi mwa Ziwa Manyara, ambako Irqwar Da'aw, kitovu cha Wairaqw, ilianzia. Aeneas wa Troy alisafiri vivyo hivyo na baba yake mzee, akamzika njiani, akaendelea hadi Italia.

Troy hiyo ina mwangwi wa pili. Waroma walijivunia asili ya ng'ambo, na Wairaqw wa siku hizi husikika wakisema wametoka Iraki. Mtafiti Ole Bjørn Rekdal alionyesha mwaka 1998 kwamba dhana hiyo ilitoka katika makisio ya wasomi, ikaingia mashuleni na kurudi kwa wenyewe ikiwa kama mapokeo. Kinachoaminika kiisimu ni kwamba Wakushi wa kusini walishuka kutoka upande wa Ethiopia zamani sana. Haymu Tipe hakuitaja Iraki.

Sehemu kubwa ya masimulizi haya ilihifadhiwa kwa maandishi na wageni. Ludwig Kohl-Larsen aliandika hadithi za Wahadzabe kwa Kijerumani kutokana na safari zake za miaka ya 1930. Matini za Kiiraqw alizokusanya Paul Berger muongo huohuo zilichapishwa Köln mwaka 1998, zikiwa zimehaririwa na Roland Kießling. Kitabu cha Gray juu ya Wabatemi kiko kwa Kiingereza.